Sinema na Bisi Darasani Kawangware

Sisi tunaosomea fasihi ya Kiswahili hutarajiwa kuandika katika kurasa hizi kuhusu riwaya, tamthilia au utenzi. Niwie radhi basi nikikualika leo katika chumba cha mabati huko Kawangware, ukae juu ya kiti cha plastiki kilichoundiwa mtu wa miaka minne, utazame filamu iliyomulikwa juu ya shuka la kitanda. Makala haya yanahusu sinema na bisi. Yanahusu pia kosa nililolitenda mbele ya watoto 19, ambalo hadi leo sijaweza kulisahau.

Karo ya shahada ya uzamili haina huruma. Ndiyo sababu mwaka 2022 nilikuwa nikifundisha asubuhi katika shule moja ndogo ya chekechea, kisha adhuhuri nikipanda matatu namba 46 kurejea katikati ya jiji na kwenda maktabani. Huko nilikuwa nikihangaika na tasnifu kuhusu wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video. Msomaji anawajua: ni wale wanaotwaa filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani, wakaifunika sauti yake na kuisimulia upya kwa lugha ya hadhira yao. Hapa Kenya aliyevuma zaidi ni DJ Afro; Tanzania lilivuma jina la Lufufu; Uganda wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiganda. Hoja yangu ilikuwa kwamba huyu ni fanani kamili, na kwamba kibanda cha video ni uwanja wa fasihi simulizi sawa na baraza au kando ya moto. Msimamizi wangu hakuikataa hoja hiyo. Aliuliza tu, kwa upole wake wa kutisha, ushahidi uko wapi kwamba msimulizi huongeza maana badala ya kupiga kelele juu ya filamu ya watu.

Sikujua kwamba ushahidi ningeukuta chekechea.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa amepata mpango wa masomo wa wiki nzima uliobuniwa Marekani. Kila shughuli ilifungamana na sinema na bisi. Watoto wangehesabu bisi, wangechora tiketi, wangebandika bisi kwa gundi kwenye karatasi ili kuunda herufi na maumbo, na siku ya Ijumaa wangezuru ukumbi wa sinema. Kwa kweli mpango wenyewe haukuwa mbaya. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali, unahimiza mtoto ajifunze kwa kutenda, na ni nani asiyependa kutenda jambo lenye bisi ndani yake?

Tatizo lilikuwa ziara. Ukumbi uliochaguliwa ulikuwa katika duka kuu moja upande wa Westlands, na gharama ya nauli, tiketi na bisi ilifika shilingi 900 kwa kila mtoto. Kufikia Alhamisi, watoto 12 kati ya 31 walikuwa wamelipiwa. Waliosalia, nikaambiwa, wangebaki darasani wapake rangi picha za sinema. Hebu fikiri, msomaji: mtoto wa miaka minne anahesabu bisi kwa siku nne, anachora tiketi yake mwenyewe, kisha Ijumaa anaambiwa tiketi ile haiingii popote. Sikuwa na uwezo wa kuwalipia 19. Nikasema kwa haraka, kabla sijafikiri vyema, kwamba nitawaletea sinema papo hapo.

Nikaazima projekta kwa rafiki, nikachukua tarakilishi yangu, shuka jeupe, jiko la makaa na sufuria yenye kifuniko. Tulipanga viti kwa safu na kuvibandika namba 1 hadi 19, na kila mtoto akapewa tiketi yenye namba yake. Kazi yao ilikuwa kuitambua namba na kutafuta kiti. Nimeona vitabu vya hisabati vinavyotumia kurasa nyingi kulifikia lengo ambalo watoto hawa walilifikia kwa dakika tano, kwa sababu namba sasa ilikuwa na kazi. Aliyeketi kwenye kiti cha mwenzake aliondolewa kwa kelele kubwa.

Nilimteua msichana mmoja awe mkaguzi wa tiketi mlangoni. Hakuwahi kuona ukumbi wa sinema, lakini ukaguzi wa abiria aliujua. Akaupiga mlango wa mabati kwa kiganja mara mbili na kutangaza, “Wawili wa haraka! Wawili wa haraka!” Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hata kwa wakubwa wengi wa Nairobi, Odeon ni steji ya matatu kuliko ilivyo jumba la sinema. Kenya Cinema, Cameo, 20th Century: majina haya ya katikati ya jiji vijana wengi tumeyarithi kama alama za kuelekezea njia.

Wazee wetu wa mashambani, kwa upande wao, sinema iliwafuata. Mama yangu hulikumbuka gari la “sinema leo” na mtu wa kipaza sauti aliyeeleza kila kilichopita juu ya turubali. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, ambao ulizungusha filamu zake Afrika Mashariki zikiandamana na maelezo kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Ule ulikuwa mradi wa kikoloni na nia zake tunazijua. Ila unaonyesha kwamba tangu zamani huku kwetu picha na msimulizi zimetembea pamoja.

Turudi darasani. Filamu ilikuwa katuni fupi ya Kiingereza, ya dakika 12, kuhusu kifaranga aliyempoteza mamaye. Niliichagua fupi kwa makusudi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na wengi wa watoto hawa wana runinga nyumbani, hata pale pasipo na kitu kingine. Picha zilianza. Watoto wakatulia tuli, macho yamekodoka. Mwalimu mkuu angeliona darasa lile angelisifu. Mimi nikawauliza, “Kifaranga anatafuta nini?” Kimya. “Analia kwa nini?” Kimya. Walikuwa wanaona rangi zikienda.

Basi nikaizima sauti na kuirudisha filamu mwanzo. Nikasimama kando ya shuka na kufanya kile nilichokuwa nimekisikiliza kwa miezi minane kwenye vibanda vya video nikikiandika kama mtafiti. Nikampa kifaranga sauti. Trekta nikalifanya matatu yenye breki mbovu. Nikasimamisha picha kifaranga alipofika njia panda, nikauliza, “Aende wapi?” na watoto 19 wakamjibu yeye, si mimi. “Usiende huko! Kuna mbwa!” Walikuwa wameshamwona mbwa nyuma ya ua, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeligundua. Tuliirudia filamu hiyo mara tatu. Mara ya tatu sikusimulia. Walisimulia wao, kwa Kiswahili cha Kawangware, na mtoto wa kiti namba 6, ambaye kwa kawaida husema “ndiyo” na “hapana” pekee, alidai kuwa yeye ndiye sauti ya trekta na hakumwachia mtu mwingine.

Zikafuata bisi. Nilitaka waone zinavyozaliwa, kwa hiyo jiko likakaa nje, umbali wa hatua kadhaa, na watoto nyuma ya mstari wa chaki. Punje za bisi si mahindi yoyote tu. Ni aina yenye ganda gumu lililofungia maji kiasi cha asilimia 14 ndani yake. Joto linapokaribia nyuzi 180, maji yale hugeuka mvuke, wanga hulainika, na ganda lisipoweza kuhimili tena hupasuka. Kwa mtoto wa miaka minne maelezo hayo huwa mafupi: ndani kuna maji, maji yanataka kutoka. Wakayaelewa. Tulisikiliza. Nikawaomba waniigie sauti, nami nikitarajia “pa” moja ya vitabuni. Nilipata “pau,” “to,” “twi,” na mmoja akanyamaza muda mrefu kabla ya kunong’ona “ssss,” kisha akaeleza kwamba ile ni punje ambayo haijaamua. Tunapofundisha tanakali za sauti katika vyuo, huzipanga katika majedwali. Sijawahi kuona jedwali lenye punje ambayo haijaamua.

“Hizi zinaitwa bisi,” nikatangaza, kwa fahari ya mwanafunzi wa Kiswahili.

“Ni popkoni,” wakanisahihisha.

Nikashikilia msimamo. Mtoto mmoja akanitazama kwa huruma na kusema, “Mamangu pia ako bizi.” Darasa lote likaafiki, karibu kila mzazi alikuwa bizi. Nikataka kueleza tofauti ya “s” na “z”, nikajizuia. Tulikubaliana kwamba ndani ya sufuria kila punje ilikuwa bizi sana, na ndiyo maana inaitwa bisi. Etimolojia hii ni ya uongo mtupu na naomba wahadhiri wangu wasiitoe katika mtihani, lakini neno lilibaki. Kisha tukapima: nusu kikombe cha punje kilikuwa kimezaa vikombe 12.

Hapa ndipo kosa langu linapoingia. Mpango ulisema bisi zibandikwe. Nami, nikiwa nimeufuata mpango hadi hapo, nikagawa karatasi za manila, gundi, na bisi kumi kwa kila mtoto, ili waunde kifaranga. Hiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Julai 2022. Pakiti ya kilo mbili ya unga ilikuwa imepita shilingi 200. Siku chache kabla yake serikali ilikuwa imetangaza bei ya shilingi 100, na watu walizunguka duka hadi duka wakiitafuta. Mtoto wa kiti namba 14 alizihesabu bisi zake zote kumi, bila kukosea, akabandika mbili. Nane akazitia mfukoni. Nilipomuuliza kifaranga chake kina mwili gani huo wa bisi mbili, akaufunika mfuko kwa mkono na kusema, “Za Baby.” Baby ni mdogo wake.

Nami, msomaji, nilimwambia amalize kazi kwanza.

Alizitoa. Akazibandika moja moja, taratibu, na akapata kifaranga kizuri kuliko wote. Saa sita nyanya yake alikuja kumchukua. Akasimama mbele ya ukuta tulipotundika kazi za watoto, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, “Mwalimu, sasa chakula ni ya kubandika kwa ukuta?”

Sikupata jibu. Upatanisho wa kisarufi katika sentensi ile ndio kitu pekee ambacho ningeweza kusahihisha. “Pole, shosho,” nikasema. Akanijibu, “Si neno, mwalimu,” akamshika mjukuu wake mkono wakaenda. Nilibaki nikizitazama bisi 190 ukutani, isipokuwa zile ambazo wajanja wengine walikuwa wamezila nikiwa nimegeuka. Jumatatu tulikuta sisimizi wamezimaliza.

Wale 12 walirejea alasiri ile ile wakiwa na kofia za karatasi. Nilimuuliza msichana mmoja filamu ilikuwaje. “Ilikuwa kubwa,” akasema. Akafikiri. “Lakini hakuna mtu alikuwa anasema.”

Nilipoomba turudie shughuli hii muhula uliofuata, mwalimu mkuu alikuwa na shaka moja tu: Kiswahili. Wazazi wanalipia Kiingereza, akasema, na hilo si la kupuuzwa, maana ni kweli. Nikamtajia Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, iliyopendekeza mtoto aanzishwe kwa lugha ya mazingira yake, na Kiswahili pale lugha zinapochanganyika. Akanitazama kama mtu anayetajiwa marehemu asiyemjua. Hatimaye alikubali Ijumaa moja kila mwezi, watoto wote 31, bila malipo na bila ziara.

Sasa hatubandiki chakula. Watoto huhesabu punje mbichi, kisha zile zile ndizo zinazopikwa. Vifaranga huchorwa. Walio chini ya miaka minne hupewa ndizi, kwa kuwa madaktari huonya kwamba bisi huweza kuwasakama kooni, na wakubwa wao hula wakiwa wameketi. Kila mtoto huenda nyumbani na mfuko mdogo wa karatasi na kazi moja ya nyumbani: awasimulie wa kwao filamu wakiwa wanakula.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, nyanya wa namba 14 alinisimamisha langoni Jumatatu asubuhi. Alikuwa na swali kuhusu kifaranga. Alitaka kujua kama ni kweli yule fisi aliyeiba bisi njiani alikamatwa na konda, au mjukuu wake alimkatizia hadithi kwa kuwa usingizi ulimshika.

Katika filamu yetu hapakuwa na fisi. Nilimwambia shosho kwamba alikamatwa, nikatoa daftari la tasnifu hapo hapo langoni, nikaandika.