Tulikwenda Kunduchi kupiga picha, tukarudi na mama

Baba alipofariki mwaka juzi, usiku wa kwanza wa msiba tulikaa sebuleni ndugu wanne, kila mmoja akipekua simu yake. Tulikuwa tunatafuta picha moja tu ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza.

Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya 3,000. Korido za hospitali, semina, mabango ya chanjo, sahani za chakula. Za baba zilikuwa mbili, na zote mbili kakaa nyuma ya mtu. Mwishowe kijana wa stesheni alichukua kitambulisho chake cha mpigakura, akaukuza uso, akachapisha. Ndiyo picha iliyotangulia mbele ya jeneza. Baba alikuwa mtu wa kucheka, lakini katika picha ile amekunja uso kama anayedaiwa.

Baada ya mazishi mama hakulia sana mbele yetu. Alichofanya ni kuacha kutoka. Jumapili kanisani, mara moja kwa mwezi kliniki ya presha, basi. Ukimwelekezea simu anaweka kiganja usoni. “Mimi tena wa kupigwa picha, mwanangu? Piga watoto.”

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeandika mara nyingi kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ikiwamo kutembea. Nimemsomea mama maneno hayo hadi nimechoka. Anasikiliza, anasema “sawa”, anaendelea kuchambua mchele.

Aliyemtoa ndani ni mjukuu wake. Mwanangu ana miaka sita, na simu yangu tunagombania kila siku. Jioni moja nilimkuta anawapiga picha kuku wa jirani. Akamwambia bibi yake kuku wamekwisha, sasa anataka samaki. Mama akacheka kidogo. “Samaki babu yako ndiye aliyewajua. Kila Jumamosi Kunduchi.”

“Basi twende, bibi.”

Jumamosi tukatoka nyumbani Tegeta kabla jua halijachomoza. Tulishuka daladala Mtongani, tukachukua bajaji hadi pwani. Nauli ya watu watatu haikufika bei ya chipsi kuku wa mtu mmoja mjini.

Mashua zilikuwa zinaingia. Jua la Bahari ya Hindi lilikuwa chini bado, na mwanga wake ulipita kwenye matanga na nyavu, ukageuza hata ndoo za plastiki kuwa kitu cha kutazama. Mchangani palikuwa na changu, kolekole na pweza, na dalali anataja bei haraka kiasi kwamba mwanangu alidhani anaimba. Nimeishi kilomita chache kutoka hapo miaka yote hii, na likizo nikiwaza Serengeti ambako sina nauli ya kufika.

Nilitaka kumpiga picha mama mmoja aliyekuwa anaparua samaki. Akanisimamisha. “Dada, mikono sawa, uso hapana.” Nikapiga mikono, imejaa magamba yanayong’aa kama shilingi mpya. Nilipomwonyesha akaita wenzake waje kuona. Nisingeombwa hivyo, nisingeitazama mikono ile.

Muuza samaki mmoja mzee alimtambua mama. “Mama, mzee wako yuko wapi siku hizi?” Mama akamweleza. Yule mzee akavua kofia, akasimama kimya, kisha akamfungia changu wawili na kukataa hela. Hapo sikupiga picha. Kuna wakati simu hukaa mfukoni.

Kutoka sokoni tulitembea taratibu hadi kwenye magofu ya Kunduchi. Kuna mibuyu mikubwa, kuta za msikiti wa kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo. Baadhi ya makaburi hayo ni ya karne ya 18. Nguzo zake zilipambwa kwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China, vyombo vilivyofika pwani yetu kwa biashara ya majahazi. Vingine vimeng’oka, vimeacha mashimo ya duara kwenye chokaa.

Mama aliuzunguka mnara mmoja polepole. “Kwa hiyo hawa walimwekea mtu wao vyombo vizuri,” alisema. Akanyamaza. “Sisi baba yenu tulimwekea kitambulisho.”

Sikuwa na la kujibu. Mwanangu, ambaye hakuelewa, alikuwa ameinua simu kwa mikono miwili. “Bibi, simama hapo kwenye mti.”

Nilisubiri kiganja kipande usoni. Mama akafunga vizuri kitenge chake, akasogea kwenye mbuyu, akauliza, “Nicheke au nisicheke?” Mtoto akamjibu, “Kama unavyotaka.” Akacheka.

Picha yenyewe imepinda, na kidole cha mpiga picha kimeingia kwenye kona. Nimeichapisha. Iko sebuleni.

Sisemi matembezi yametibu presha. Mama bado anameza dawa zake kila siku na kliniki anakwenda. Ila siku ile alitembea karibu saa nzima bila mtu kumtajia dakika. Na mtoto alikuwa nje kwenye mwanga wa jua, jambo ambalo wataalamu wa macho wanasema linapunguza hatari ya mtoto kushindwa kuona mbali. Simu ileile inayomfungia ndani ndiyo iliyomtoa.

Ukitaka kujaribu, hauhitaji kamera. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwani nyingi ya picha zetu ni za alama za vidole. Toka asubuhi mapema au baada ya saa 10 jioni, jua linapokuwa laini. Piga goti uwe sawa na macho ya mtoto. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na ukikataliwa shukuru, endelea. Picha za watoto usizirushe mitandaoni ovyo, hasa zinazoonyesha sare na jina la shule. Na mpe mtoto simu naye apige, maana yeye ndiye atakayekuonyesha usichokiona.

Muhimu zaidi, mwachie mtu mwingine simu ili nawe uonekane. Wazazi wengi tunaopiga picha hatumo kwenye picha.

Siku hizi ikifika Ijumaa jioni mama huuliza, “Kesho tunakwenda wapi?” Tumeshafika Kigamboni kwa kivuko, tumeshafika msitu wa Pugu. Bagamoyo inasubiri mwisho wa mwezi.

Wewe unayesoma hapa kwenye simu, fungua picha zako sasa hivi. Tafuta moja ya mzazi wako, peke yake, anacheka. Kama haipo, Jumamosi haiko mbali.