Maji ya Moto Baada ya Mgodi

Ginzan, kijiji kilichojibanza bondeni katika mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, kilizaliwa na mgodi wa madini ya fedha. Aliyekulia Lubumbashi hahitaji kuelezwa mengi kuhusu mwanzo wa namna hiyo. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na hadi leo bomba la moshi la mita 153 na kilima cheusi cha mabaki ya kiwandani ndivyo vinavyomwambia mgeni amefika wapi. Niliposhuka katika kituo cha treni cha Oishida na kupanda basi la kwenda milimani, sikuwa nafuata theluji na taa zinazowavuta wageni wengi. Nilitaka kuuona mji wa mgodi ambao mgodi wake ulikwisha zaidi ya miaka 300 iliyopita, na watu bado wapo.

Kijijini, ukipita maporomoko ya maji ya mita 22, njia ya miguu inakupeleka hadi kwenye mdomo wa shimo la zamani. Mtu anaruhusiwa kuingia. Wachimbaji wa wakati ule waliuchoma mwamba kwa moto, kisha wakaumwagia maji ya baridi upasuke. Masizi yao yako ukutani mpaka sasa. Niliyagusa nikawafikiria wachimbaji wa mikono wa Kolwezi na Likasi, wanaoshuka na tochi kichwani. Kazi ya fedha ilikoma mwishoni mwa karne ya 17. Kilichobaki ni maji ya moto ambayo, kwa masimulizi ya wenyeji, wachimbaji ndio waliokuwa wa kwanza kuyaoga. Mwaka 1913 mto ulifurika ukazizoa nyumba za wageni. Zikajengwa upya kwa mbao, za ghorofa tatu na nne, zikitazamana juu ya mto mwembamba, na ndizo zinazolisha kijiji leo.

Sisi tunajua mgodi ukiyumba kinatokea nini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliacha kazi chini ya mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na katika familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi habari hugawanywa hadi leo kuwa za kabla ya hapo na za baada ya hapo.

Huko Ginzan, kuoga kwenyewe kuna heshima zake. Unavua nguo zote, unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua kwa sabuni mpaka utakate, unajisuuza vizuri, ndipo unaingia kwenye bwawa. Taulo dogo haligusi maji. Watu huliweka kichwani. Bwawa ni la kukaa na kutulia tu, uchafu umeachwa nje. Mzee mmoja aliyekuwa ndani ya maji hadi shingoni aliniuliza natoka wapi. Nilimwambia Kongo, Katanga. Nilisita kuongeza lile ambalo kila Mkatanga anayefika Japani huingia nalo mlangoni: kwamba mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Nilimwambia. Alinyamaza, akainamisha kichwa, nami nikainamisha changu. Kisha akanisogezea nafasi karibu na mdomo wa bomba, mahali maji yanapoingia yakiwa na nguvu.

Kutoka Yamagata nilipanda kaskazini zaidi, hadi Akita, kwenye nyumba za wageni za Nyuto zilizotawanyika msituni chini ya mlima. Ya zamani zaidi ni Tsurunoyu. Mtawala wa Akita alikuja kujitibu hapo mwaka 1638, na jengo refu la paa la nyasi lililopo linasemekana kuwa lilikuwa la walinzi wake. Bwawa la nje lina maji meupe kwa sababu ya salfa. Wanaume na wanawake huingia pamoja, na weupe ule unawasitiri. Wanawake wasiotaka kuchanganyika wana bwawa lao. Maji yanapenya kutoka chini kupitia changarawe, na ukikaa kimya unayasikia yakikusukuma miguuni.

Kilichonishika zaidi Nyuto ni jiko. Zamani wakulima walikuja huku baada ya mavuno wakiwa na mchele wao, wakakaa wiki moja, hata tatu, wakipika wenyewe na kuoga mara kadhaa kwa siku mpaka mgongo na magoti yaachie. Baadhi ya nyumba bado zina sehemu ya wagonjwa kujipikia. Hapo ndipo Kitagata ilinijia moja kwa moja.

Kitagata iko Sheema, magharibi mwa Uganda. Ina mabwawa mawili. La kwanza lilikuwa la Omugabe, mfalme wa Ankole. La pili watu wanaliita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala, kwa kuwa wagonjwa wanalitegemea vilevile. Mama wazee hukaa pembeni miguu ikiwa ndani, vijana wanachota kwa vikombe na kunywa, mwenye baridi yabisi anapakwa tope na jirani ambaye hakumjua asubuhi ile. Hakuna kigoda wala sabuni ya lazima kabla ya kuingia, na maji ya kunywa hayatengwi na ya kuoga. Hilo linanisumbua, na Japani wangeweza kutufundisha. Lakini mgonjwa wa Kitagata haogi peke yake. Huko Nyuto tajiri na mzee wa kijijini wanakaa bwawa moja pia, ila wanasalimiana kwa kichwa na kurudi kwenye ukimya wao. Mimi napenda kelele za Kitagata.

Na Katanga? Tunayo maji hayo, na tuliwatangulia Wajapani katika jambo moja. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, upande wa bonde la Upemba, maji ya nyuzijoto 91 yalifungiwa mtambo wa umeme wa megawati 0.2. Kilikuwa kituo cha kwanza cha jotoardhi Afrika nzima. Japani ilifungua kituo chake cha kwanza cha biashara, Matsukawa, mwaka 1966. Umeme wa Kiabukwa ulikwenda kwa kampuni ya madini, na baada ya miaka michache mtambo ukanyamaza. Chemchemi haikukauka. Ilikuwa imehesabiwa kuwa na thamani kwa muda uleule tu ambao mgodi uliihitaji.

Japani wenye nyumba za kuogea wana nguvu ya kubishana na kampuni za umeme. Katika sehemu nyingi wamepinga visima vya jotoardhi wakihofia chemchemi zao kupungua, na serikali hulazimika kuwasikiliza. Tangu 1948 kuna sheria ya chemchemi: maji yakitoka ardhini na nyuzijoto 25 au zaidi, au yakiwa na madini yaliyotajwa, yanalindwa. Waogaji wengi hulipa pia kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150, na fedha hizo ni za halmashauri ya mahali penyewe: kutunza chemchemi, zimamoto, usafi.

Sheria yetu ya madini ya mwaka 2018 nayo inaweka asilimia 15 ya mrabaha mikononi mwa sekta, cheferi (eneo la chifu) au mji ambako madini yanachimbwa. Zinajengwa shule na zahanati, na ni haki. Ningependa chifu mwenye maji ya moto katika eneo lake atenge kidogo humo, madini yakiwa bado yapo: uzio kuzunguka jicho la maji, bomba la kunywa lililotengwa, bwawa la mawe la akina mama na lingine la akina baba, na banda lenye mafiga ambapo aliyetoka mbali na mgonjwa wake anaweza kusonga bukari, ugali wetu, jioni.