Pisini Tuliyoilipia Bila Kuingia



Tangu tuliporudi kutoka Kalemie, kila mama ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: "Madamu, mtu wa Mpala analipa dola ili akaone maji? Ziwa limekauka?" Wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini swali ni zuri, basi nalijibu hapa mara moja kwa wote.

Ziwa letu halijakauka. Mahali penye kina zaidi linafika karibu mita 1,470, na kabla Storms hajajenga boma lake hapa mwaka 1883 watoto wa Mpala walikuwa tayari wanaoga humo. Si wote waliorudi nyumbani. Mamba tunamjua. Upepo wa kusini wa kiangazi tunaujua, namna unavyoinua mawimbi ghafla. Kichocho nacho tunakijua: kijidudu kinatoka kwa konokono wa majini, kinapenya ngozi ya mtoto, na baadaye mtoto anakojoa damu. Binti yangu wa katikati alipewa dawa yake mwaka jana kwenye kituo cha afya. Tangu siku ile hataki kulowesha hata miguu.

Nilichotafuta ni maji yasiyo na mamba, yasiyo na wimbi wala konokono, mahali ambapo mtoto anaweza kujifunza kuelea bila woga. Watoto pia walikuwa wameona kwenye simu ya mjomba wao picha za bustani ya maji ya Kunduchi, kule Dar es Salaam, ile yenye miteremko mirefu ambayo watu wanateleza hadi kwenye pisini. Dar hatuwezi. Kalemie tunaweza. Zamu yangu ya likilimba iliangukia mwezi wa saba, shule imefungwa, na baba ya watoto akasema sawa, siku mbili.

Hoteli sitaitaja jina. Ina maua mlangoni, vyumba vyake ni safi, na mkate wa asubuhi ulikuwa wa moto. Hayo nayasema kwa haki. Tulilipa chumba, na juu yake pisini: dola 5 kwa mtu mzima, dola 3 kwa mtoto, kila siku. Sisi wawili na watoto watatu ni dola 19 kwa siku, 38 kwa siku mbili. Niliomba risiti, nikapewa.

Basi tukashuka kwenye pisini. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani kidogo cha kivuli cha miti, hapana, kijani cha sombe. Mteremko wa plastiki ulikuwepo, lakini umefungwa kamba na juu yake wameanika mataulo. Mtu wa kulinda hakuna. Kijana pekee aliyekuwa pale alikuwa anapeleka bia kwenye meza. Nilimuuliza maji yana nini, akasema mashine ya kusafisha imeharibika, lakini dawa wanatia. Kama dawa ya klorini ingetosha, maji yasingeota ukoga namna ile.

Kuna jambo wamama tulishike kuhusu pisini: ukisimama kando yake, lazima uone sakafu yake chini, hata upande wa kina. Usipoiona, mtoto akizama hutamwona. Pale mimi sikuiona hata ngazi ya pili.

Niliwaambia watoto wakae kwenye viti. Mdogo alilia. Mkubwa alinuna, akageuza kiti akatazama ukuta. Nikataka kwenda ofisini, baba yao akanishika mkono: "Mama ya watoto, tusianze kelele mahali pa watu. Watasema hawa wametoka kijijini." Nikakaa.

Kulikuwa na familia nyingine, na mtoto wao mwanaume, labda miaka sita, alikuwa anacheza kwenye ngazi ndani ya maji. Mama yake alikuwa amepanda chumbani kumbadilisha mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nafungua chupa ya maji. Mkubwa wangu, yule aliyenuna, ndiye aliyegeuka akasema, "Mama, yule mtoto yuko wapi?" Hakukuwa na kelele wala kupiga maji. Viputo tu. Baba yao aliruka na suruali yake na viatu, akapapasa kwa mikono kwa sababu macho hayakusaidia kitu, akakamata fulana. Mtoto alitoka, akakohoa, akatapika maji ya kijani, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Shirika la OMS lilihesabu watu karibu 300,000 waliokufa maji duniani mwaka 2021, na robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi tunadhani mtoto anayezama anaita. Mara nyingi haiti, maana mdomo uko chini ya maji na pumzi hana.

Sasa nikaenda ofisini, na safari hii baba ya watoto alisimama nyuma yangu, maji yanamtoka kwenye suruali. Msimamizi alisema pisini ni zawadi tu, mgeni analipa chumba. Nikaweka risiti mezani, nikamsomea kwa Kifaransa, neno kwa neno: chumba kwenye mstari wake, pisini kwenye mstari wake. Alikaa kimya kidogo. Kisha akarudisha dola 19 za siku ya pili. Za siku ya kwanza alikataa, eti tulikalia viti vya pisini.

Nilipata hizo 19 kwa sababu najua kusoma Kifaransa. Mama yake yule mtoto hakuwa na risiti hata moja. Alisema walimwambia si lazima. Nilimwachia namba yangu.

Siku ya pili tulikwenda sokoni, tukala mikebuka kwa bukari, watoto wakanunuliwa madaftari kwa zile dola. Jioni hakuna aliyetaja pisini.

Najua kikundi chetu kinafikiria kuwapeleka watoto matembezi mwezi wa nane. Naomba mama wawili watangulie kuona mahali kabla faranga haijatoka: watazame sakafu ya maji, waulize jina la mtu anayelinda na saa anazokuwepo, na risiti itenganishe kila kitu. Kama mlinzi hayupo, twende mahali pengine, hata iwe kukaa chini ya miembe na mpira.

Kwetu, shemeji yangu mvuvi ameanza kuwafundisha watoto kuelea, Jumamosi asubuhi kabla ya upepo, penye mchanga, mbali na matete na maji yaliyotuama, kama nesi alivyotushauri. Amewafunga kamba kiunoni kama mbuzi. Mkubwa tayari anaelea chali. Mdogo anakunywa ziwa lakini hachoki. Wa katikati ameingia mpaka magotini, na pale amesimama.