Aambiwa Auze Laptop, Mistari Minne Yamaliza Ubishi Miyuji

Kuna mdada mmoja wa Miyuji, Dodoma, mitaa ya Chuo cha Mipango, nusura kibarua chake kiote nyasi kisa programu ya takwimu. Alipewa kazi ya kuchambua madodoso ya kaya kwa kutumia R, ile programu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule New Zealand. Kazi inatakiwa Ijumaa. Jumatano kila akiiendesha skripti yake, R inakrashi, pap! Hakuna hata ujumbe wa kosa.

Mpenzi wake, ambaye anajiita mtu wa IT, akatoa hukumu: laptop imechoka, uza. Laptop yenyewe mama yake aliinunua kwa hela ya kikoba. Ikamuuma sana.

Usiku ule hakubishana na mtu. Skripti ilikuwa na mistari kama 300. Akaikata nusu, akaendesha: ikakrashi. Akakata tena. Kila mara anaifungua R upya, mabaki ya nyuma yasije yakamchanganya. Mpaka saa nane usiku amebaki na mistari minne tu: kuita pakeji moja, kutengeneza jedwali la watu kumi wa kubuni, kuwapigia hesabu, kuonyesha jibu. Bado ikakrashi! Hapo akajua madodoso hayahusiki, wala si kwamba data ni nyingi. Watu kumi hawawezi kuijaza laptop yoyote.

Asubuhi akamtumia jamaa mistari ile WhatsApp. "Kwangu inapiga kazi freshi, si nilikwambia uuze?" Mdada akauliza swali moja tu: R yako toleo gani? Jamaa 4.1, yeye 4.2. Na pakeji alizokuwa anatumia zilitoka kwa jamaa huyo huyo, kwa flashi, ili kuokoa bando. Kumbe toleo la 4.2, lililotoka Aprili 2022, lilibadilisha zana za kujengea pakeji kwenye Windows, hivyo zile zenye msimbo wa C ndani zinatakiwa zisakinishwe upya.

Akajiunga bando, akasakinisha upya. Mistari minne ikapita, ikafuata ile 300. Alhamisi jioni kazi imeshatumwa.

Mdau, ukisema "laptop inazingua" kila mtu ana ushauri wake. Mistari minne haina cha kubishania. Jamaa mpaka leo hajasema samahani, ila flashi kaja kuichukua kimyakimya.