Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Kampuni ya Baba Yako

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba malori yanatembea na mmepata kazi ya kusafirisha mbolea. Ila uliposema mambo ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, mtayashughulikia mkishatulia, moyo wangu haukutulia.

Baba yako, Mungu amrehemu, bado ni mkurugenzi kwenye daftari la Msajili wa Makampuni huko BRELA. Sisi tumemzika, lakini kwa benki, na kwa yeyote anayelipia kupata taarifa za kampuni yenu, yeye ndiye anayetambulika. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inatoa siku 14 za kumjulisha Msajili mkurugenzi anapobadilika. Siku hizo zimeshapita, na kila mwezi mnaochelewa faini inaongezeka. Hisa zake ni jambo jingine, usilichanganye na ukurugenzi. Hisa za marehemu hazihami kwa kikao cha familia hata mkikubaliana wote na kutia saini. Zinafuata mirathi: mahakama imthibitishe msimamizi kwanza, ndipo majina ya warithi yaingizwe. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya hatua hiyo moja iliyorukwa, na ndiyo maana nakusisitizia.

Kisha kuna anwani. Ofisi mmeihamisha, lakini iliyosajiliwa ni ileile ya zamani, na hapo pia sheria inadai taarifa ndani ya siku 14. Usilione dogo. Msajili akishuku kwamba kampuni haifanyi kazi tena, huandika kwenye anwani aliyonayo. Asipojibiwa, sheria inampa uwezo wa kuifuta. Mkishtakiwa, hati za mahakama zitapelekwa hukohuko, na kesi yaweza kusikilizwa upande mmoja nyinyi mkiwa barabarani na mizigo ya watu.

Sasa nikuulize: akaunti ya kampuni kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni aliifungua nani? Kama ni yule kijana wa steshenari, basi huenda barua pepe ni yake na namba ya simu ni yake, na hamuwezi kubadilisha kitu bila yeye. Mtafute kwa upole, umlipe haki yake, akaunti irudi mikononi mwenu. Ukiwa hapo, linganisha majina ya wakurugenzi kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwenye namba ya mlipakodi (TIN) na BRELA, herufi kwa herufi. Mohamed wa huku na Mohammed wa kule huweza kukwamisha ombi zima.

Taarifa za mwaka pia zipelekwe kwa wakati, na wamiliki manufaa, yaani watu wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni hasa, watajwe kwa ukweli. Halafu usidhani BRELA ikijua, wote wamejua. Mamlaka ya Mapato (TRA), benki na ofisi iliyowapa leseni, kila mmoja apelekewe nakala zake.

Anza wiki hii kwa kuomba BRELA taarifa rasmi ya kampuni, ili uone wao wameandika nini, si wewe unakumbuka nini. Ukiipata nitumie picha yake kwenye simu tuisome pamoja. Cheti halisi cha kifo kipo kwangu na mahakamani watakihitaji. Mwambie mdogo wako aje akichukue.

Ni mimi,
Mjomba wako