Mtoto Njiti: Kutoka Kwenye Mashine Hadi Kifuani kwa Mama

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Baridi humdhuru upesi: ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini ni haba, na joto humtoka haraka kuliko anavyoweza kulirudisha.

Wanaozikumbuka wodi za wazazi za miaka ya 1980 nchini Tanzania wanaukumbuka pia mlango uliofungwa. Mtoto alikuwa upande wa pili, ndani ya inkubeta, pengine pamoja na wenzake. Mama alikamua maziwa kwenye kikombe, akamkabidhi nesi, akarudi kitandani kusubiri habari. Aliyejifungulia nyumbani alimviringishia mwanawe blanketi na kumlaza karibu na jiko la mkaa, joto na moshi vikimfikia kwa pamoja.

Njia nyingine ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Inkubeta zilikuwa chache na maambukizi yalizidi, ndipo daktari Edgar Rey Sanabria alipoanza kuwarudisha watoto vifuani kwa mama zao. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu.

Mtoto huachwa na nepi, kofia na soksi tu. Hulazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe. Khanga hufungwa ikakaza, ukingo wake wa juu ukiishia chini ya sikio. Hapo mtoto hupata joto na hunyonya kila anapohitaji. Mama akichoka, baba au bibi hupokea.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mwongozo ulitaka mtoto atulie kwanza kwenye mashine, na wengi walifariki katika kusubiri huko. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wa chini ya kilo 1.8 kwa asilimia 25. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hivyo: kuanza mapema, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Pendekezo hilo halitekelezeki mama akiwa nje ya mlango. Kila hospitali inayojenga wodi ya watoto njiti haina budi kuweka humo kitanda cha mama.