Jua la Kijiko

Huku Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Saa sita mchana mbingu ina rangi ya maji yaliyotiwa buluu ya kufulia. Majira yangu ya kwanza ya baridi nililala muda wa saa kumi kila usiku na bado nikaamka nimechoka, moyo unanidunda, naogopa hata kupokea simu.

Mwenzangu kazini hakuniuliza nani kaniudhi. Aliniuliza, "Unakunywa tran?" Tran ni mafuta ya ini la samaki, kijiko cha chai kina maikrogramu 10 za vitamini D. Kanuni ya Wanorwei ni kuinywa kila mwezi wenye herufi r, kuanzia Septemba hadi Aprili kwa majina ya Kinorwei. Kwa Kiswahili tungeumbuka: kuanzia Septemba mpaka Desemba hakuna r hata moja. Tungesubiri Januari.

Daktari alinipima damu kabla ya kuandika chochote. Nilikuwa na nanomoli 19 za vitamini D kwa lita. Yeye alitaka zisipungue 50. Ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kutengeneza vitamini hii, na hapa jua lenyewe halipo. Watafiti Waholanzi waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walichapisha mwaka 2012 wastani wa 115. Mimi mtoto wa Tanga, niliyeanikwa jua la asubuhi mkekani, 19!

Nilipompigia mama alicheka. "Vitamini ya jua? Kwani huko nalo wanaliuza?" Kisha akaniuliza nakula na nani. Nikanyamaza.

Baada ya miezi mitatu ya kumeza vitamini D damu ilisoma 62. Hofu ilikuwa palepale. Daktari hakushangaa. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 18,000, wenye miaka 50 na kuendelea, kwa takribani miaka mitano. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliomeza vitamini D na waliomeza vidonge bandia walipatwa na sonona karibu sawa. Tran ilikuwa ya mifupa yangu. Kilichonisaidia ni taa kali ya asubuhi, mazungumzo na mtaalamu, na wali wa nazi wa Ijumaa kwa jirani Mkongo.

Nyumbani mambo huenda kinyume. Dada yangu alipoanza kukosa usingizi na kutetemeka mikono, nyumba ilijaa watu wa kumpa pole. Kwa hilo tunawashinda Wanorwei kwa mbali. Lakini duka la dawa lilimuuzia vidonge vya vitamini B bila kumpima, akavimeza miezi minne. Hospitali ndiyo iliyogundua kwamba tezi ya shingo ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi, jambo linaloweza kabisa kumjaza mtu wasiwasi. Na vitamini si maji: B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye giza la huku, kunywa kijiko chako. Nawe uliye nyumbani, ukiona wiki mbili zimepita na moyo haujatulia, usiishie dirishani kwa muuza dawa. Nenda ukapimwe, na umweleze daktari hayo mawazo pia.